Jipu la titi kwa mama anayenyonyesha: kulinyonya kwa sindano chini ya ultrasaundi

Titi likiwa jekundu, la moto, na lina uvimbe unaouma, usikimbilie kisu. Weka probu nyoofu (kichwa cha mashine ya ultrasaundi) ya megahezi 7 hadi 12. Jipu huonekana kama dimbwi jeusi lenye chembechembe. Ukibonyeza kidogo, chembe zinazunguka. Usipoona dimbwi hakuna cha kutoboa, ni dawa na kuendelea kunyonyesha. Ngozi ikiwa imekufa, au imebaki nyembamba inayong'aa, hapo mpasuo mdogo ndio unaofaa.

Andaa lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1, bomba la sindano la mililita 20, sindano ya geji 18 (na ya 16 kwa usaha mzito), salaini, kichupa cha maabara, glavu na jeli steraili.

Ganzi isizidi miligramu 3 kwa kila kilo: mama wa kilo 60, mwisho mililita 18. Usiimwage ndani ya jipu. Penye usaha pana asidi, haishiki. Ichome kwenye ngozi nzima na njia yote itakayopita sindano, kisha ngoja dakika 2 au 3.

Ingiza sindano ubavuni mwa probu, ikiwa imelala, mbali na chuchu. Ncha ni kidoa cheupe kinachong'aa, na macho yasikitoke. Kikipotea, simamisha mkono wa sindano na usogeze probu mpaka kirudi. Anayechoma wima bila kuiona ncha hufika mbavuni, na nyuma ya mbavu kuna pafu.

Usaha wa kwanza, kabla ya salaini, ndio uende maabara kuoteshwa vijidudu. Ukigoma kutoka, ingiza salaini mililita 5 hadi 10, vuta, rudia mpaka yatoke maji safi na dimbwi lijifunge.

Mhusika mkuu ni bakteria Stafilokokasi aureasi, hivyo mpe antibiotiki flukloksasilini miligramu 500 kila saa 6, siku 10 hadi 14, kama hana mzio wa penisilini. Majibu ya maabara yakitofautiana, badilisha.

Mama aendelee kunyonyesha matiti yote mawili. Usaha ukitoka kwenye chuchu, maziwa ya upande huo yakamuliwe na kumwagwa mpaka ukome. Tafadhali mweleze hili taratibu. Wengi huachisha mtoto kwa hofu, na titi lililojaa huzidisha shida.

Arudi baada ya siku 2 au 3, apigwe picha tena. Dimbwi kujaa upya ni kawaida, hasa likizidi sentimita 5: nyonya tena. Likikataa baada ya mara kadhaa, mpeleke kwa daktari wa upasuaji, na usaha upimwe kifua kikuu. Uvimbe ukibaki mgumu usaha ukiwa umekwisha, ikatwe nyama ya kupima saratani.