Namna ya Kufuatilia Fedha Zilizojenga Miradi ya Kikoloni Afrika Mashariki

Mtafiti wa reli au bandari za enzi ya ukoloni atakutana mara nyingi na maelezo kwamba mradi fulani "uligharamiwa na Serikali". Asiyaandike kama yalivyo mpaka ajue ni serikali ipi, kwa utaratibu gani, na nani aliyelipa mwishowe.

Kwanza, uweke mradi katika mwaka wake, kwa kuwa utaratibu wa fedha ulibadilika. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, iligharamiwa na hazina ya Uingereza kwa zaidi ya pauni milioni 5. Sheria ya Maendeleo ya Makoloni ya 1929 iliweka kikomo cha pauni milioni 1 kwa mwaka, na ile ya 1945 ikatenga milioni 120 kwa miaka kumi.

Pili, tenganisha ruzuku, mkopo na dhamana. Hapa ndipo wengi hupotea. Mwaka 1926 Bunge la Uingereza liliidhinisha dhamana ya mikopo ya Afrika Mashariki hadi pauni milioni 10, lakini dhamana si fedha. London iliahidi kulipa endapo koloni litashindwa, na ahadi hiyo ikapunguza riba. Mkopaji alibaki kuwa koloni, ambalo lilitegemea ushuru wa forodha, nauli za reli, na kodi za kibanda na za kichwa walizotozwa Waafrika. Hata ruzuku ichunguzwe: sheria ya 1929 ilitamka wazi lengo la kukuza biashara na viwanda vya Uingereza, kwa hiyo tafuta vyuma na mashine vilinunuliwa wapi.

Tatu, fungua majalada. Katika hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza huko Kew, London, barua za Kenya zimo katika mfululizo wa CO 533 (CO ni Colonial Office, yaani Wizara ya Makoloni) na za Tanganyika katika CO 691. Zilinganishe na makadirio ya mwaka (ya mapato na matumizi) yaliyohifadhiwa Nairobi na Dar es Salaam, kisha na hesabu za matumizi halisi, kwani kiasi kilichoidhinishwa hakikuwa lazima ndicho kilichotumika.

Mwisho, andika hasara mbali na mali iliyobaki. Mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947, uliigharimu hazina ya Uingereza takriban pauni milioni 36 zilizofutwa kama hasara, ilhali bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili yake, ingali inafanya kazi.