SOMO: Kutumia Wikipedia kwenye kazi za chuo bila kuumbuka

Walimu watarajiwa, habari zenu. Usiku tunaifungua Wikipedia, asubuhi tunamwambia mkufunzi tumeshinda maktaba. Kuifungua si kosa. Kosa ni kuishia pale.

Hatua ya 1: Soma utangulizi upate istilahi, majina na miaka. Usinakili chochote bado.

Hatua ya 2: Shuka kwenye tanbihi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka. Bonyeza kinamba kilicho mwishoni mwa sentensi, fungua chanzo, soma ukurasa husika. Tuseme unaandika kuhusu mwanasaikolojia Vygotsky. Utakutana na "Vygotsky, 1978" kila kona, ilhali mwenyewe alifariki 1934! Ukikifuata chanzo utagundua kuwa kitabu hicho cha 1978 ni maandishi yake yaliyokusanywa na kuhaririwa na wengine kwa Kiingereza. Anayenakili juujuu hulijua hilo siku ya kutetea kazi yake. Sentensi isiyo na kinamba iache mpaka uikute kwingine.

Hatua ya 3: Tazama historia ya makala na ukurasa wa majadiliano. Wahariri wakibishana, ujue hoja hiyo ina utata.

Hatua ya 4: Funga ukurasa, kisha andika kwa maneno yako.

MASWALI

Mwalimu, mkufunzi wetu ameipiga marufuku kabisa. Nifanyeje?
– Mtii: isionekane kwenye marejeo. Ila usiorodheshe kitabu ambacho hukukifungua kwa sababu tu umekiona kwenye tanbihi. Huo ni udanganyifu mbaya kuliko huo aliouzuia.

Kamusi elezo ya Britannica si salama zaidi?
– Ina wahariri wa kuajiriwa, na tangu 2012 haichapi tena matoleo mapya ya karatasi. Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi: Wikipedia ilikuwa na wastani wa makosa kama manne kwa makala, Britannica kama matatu. Britannica walipinga vikali. Kwangu mimi zote mbili ni kamusi elezo, yaani mahali pa kuanzia.

Na Wikipedia ya Kiswahili, mkuu?
– Ipo tangu 2003. Makala nyingi ni fupi na tanbihi zake chache, hivyo ilinganishe na ya lugha nyingine unayoisoma. Ukikuta pengo na chanzo unacho, hariri. Utajifunza kunukuu kuliko kwenye mhadhara wowote (wahadhiri mnisamehe).

Mada yangu ni Wikipedia yenyewe, nainukuuje?
– Tumia kiungo cha kudumu cha toleo ulilosoma, pamoja na tarehe. Kesho makala itakuwa imebadilika.

Nimekuta tovuti inasema vilevile, neno kwa neno. Si uthibitisho huo?
– Linganisha tarehe kwenye historia ya makala. Mara nyingi tovuti ndiyo iliyonakili, kwa hiyo bado una chanzo kimoja tu.