Kushuti video ya wimbo kwa simu ukiwa mwanafunzi Kampala

Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja, msichana wa mwaka wa 2 anayeishi hosteli Kikoni, alinijia na wimbo wake na hela ya nauli tu. "Kaka, nifanyie video." Nikamwambia sikufanyii, nitakuonyesha. Haya ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na kosa lililotunyima usingizi.

Hatua ya 1: Wimbo uliokamilika

Usishuti kwa demo. Prodyuza akigusa kasi ya biti baadaye, midomo haiwezi kuufuata wimbo tena. Faili moja la mwisho, na hilohilo ndilo litakalopigwa kwenye spika siku ya kushuti.

Hatua ya 2: Karatasi

Gawa karatasi mara mbili: kushoto mashairi na sekunde zake, kulia kitakachoonekana. Wimbo wa dakika 3 maeneo matatu yanautosha. Sisi tulichukua chumba, ngazi za hosteli, na mwalo wa Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Wanafunzi hupenda kuandika filamu nzima: mapenzi, ajali, hospitali. Acha. Mtu anayeimba kwa moyo mbele ya mitumbwi anatazamika kuliko ajali ya kuigiza. Ruhusa omba siku kadhaa kabla, hata ya mwaloni, maana wavuvi wako kazini na wewe ndiye mgeni.

Hatua ya 3: Jua

Kampala saa saba mchana jua liko utosini na macho ya mwimbaji yanakuwa mashimo meusi. Picha za nje ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu kuanzia saa kumi jioni. Likianza kuzama halikungoji. Kama ni Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, weka na siku ya akiba kwa ajili ya mvua.

Hatua ya 4: Funga kasi ya fremu (hapa soma polepole)

Video ni picha tuli zinazopita haraka, na kila picha ni fremu. Kamera ya simu mara nyingi haishiki kasi moja. Mwanga ukipungua hupunguza fremu yenyewe, kimyakimya, ili picha isiwe nyeusi. Ukitazama kwenye simu huoni kasoro. Ukiingiza kwenye kompyuta, programu ikizihesabu fremu kana kwamba zimelingana, midomo inaanza kuuacha wimbo kidogo kidogo.

Ndivyo ilivyotupata. Klipu za Ggaba zilikaa sawa. Za chumbani beti ya kwanza sawa, lakini kufika kiitikio cha pili mdomo unafunguka neno limeshapita. Nikasogeza klipu, mwisho ukakubali, mwanzo ukaharibika. Nikamlaumu prodyuza, nikailaumu spika. Saa nane usiku ndipo nikafungua taarifa za faili: Ggaba fremu 30 kwa sekunde, chumbani 24 na ushee, zinapanda na kushuka. Tulikuwa tumefunga mapazia na kuwasha taa moja ya dari "ili ipendeze".

Kinga: tumia programu ya kamera inayokuachia mipangilio mkononi. Kwa Android mimi ni Open Camera, ya bure. Kamera iliyokuja na simu siigusi kwa kazi ya wimbo. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kama simu yako inakubali. Kwa nini namba hizo? Umeme wa Uganda ni hertz 50, kwa hiyo taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde; shata isiyoendana nazo inakuletea michirizi ya giza ukutani. Na fungua hayo mapazia.

Tiba, kama umeshashuti: pitisha kila klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta inayobadilisha faili za video, chagua kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo uhariri. Usiruke hata klipu moja kwa kuwa "inaonekana sawa".

Jambo jingine linalofanana na hili lakini silo: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 50 kutoka kwenye spika, kama tulivyofanya ufukweni, sauti inaifikia simu yako ikiwa imechelewa karibu fremu 4. Huko usifuate sauti iliyorekodiwa, fuata midomo. Tofauti ni kwamba huku kuchelewa hakuongezeki: sogeza klipu mara moja, imekwisha.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Spika, powabenki mbili, rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) za wanaodensi kabla hawajaanza kununa. Kila klipu ianze kwa kofi moja mbele ya kamera, pale wimbo unapoanza, ili baadaye uipange na wimbo. Uimbe wimbo mzima kila eneo, mara tatu: picha ya mbali, ya kuanzia kiunoni, ya uso.

Hatua ya 6: Kuhariri

Programu ya DaVinci Resolve ya bure, kama kompyuta yako inaimudu. CapCut ni ya haraka, lakini kupanga klipu tisa za wimbo mzima kwenye kioo cha simu ni adhabu. Weka wimbo chini, panga klipu kwa makofi yake, kata.

Klipu zikitoka kwenye simu kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, la sivyo zinabanwa. Bora waya. Mdogo wangu alitaka kuzifuta kabla hatujanakili, eti simu imejaa na anataka kupiga selfi na wavuvi. Nikaishika hiyo simu mimi mpaka tukafika Kikoni.