Jinsi ya kuona mapengo ya timu ya kikapu baada ya dili kubwa la wachezaji

Nafundisha kikapu kwa vijana wa Mwanga, hapa Kigoma. Kila likitokea dili kubwa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, swali lao la kwanza ni: "Kocha, nani kapigwa kwenye dili?" Mimi nawarudisha kwenye swali lingine: kazi gani imeondoka, na nani ataifanya kwenye mechi ijayo? Tuchukue dili la Februari 2025, Luka Doncic alipokwenda Los Angeles Lakers na Anthony Davis akaenda Dallas Mavericks.

Hatua ya 1: Andika wote, siyo mastaa tu

Piga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja waliotoka, upande wa pili walioingia. Lakers walipata Doncic, Maxi Kleber na Markieff Morris. Dallas walipata Davis, Max Christie na haki ya drafti ya 2029, yaani nafasi ya kuchagua chipukizi mwaka huo. Pembeni ya kila jina andika hali ya afya. Kleber alifika Lakers akiwa amevunjika mguu, kwa hiyo kwenye karatasi wameongeza mtu mrefu, uwanjani hayupo.

Hatua ya 2: Gawa dakika

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiharakishe. Mechi ya NBA ni dakika 48 na wachezaji watano, jumla dakika 240. Sisi tunaocheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tuna dakika 40, yaani 200.

Usiandike nafasi za wachezaji, andika kazi: kupandisha mpira, kulinda ringi, kuchukua ribaundi (mpira uliokosa kikapu), kumkaba mfungaji wao mkali, kupiga pointi tatu. Kila kazi ijazie majina na dakika mpaka zifike 48. Kwa Lakers, anza na kulinda ringi. Davis alishaondoka, senta halisi (mrefu anayecheza karibu na ringi) mwenye uzoefu aliyebaki alikuwa Jaxson Hayes. Hata ukimpa dakika 25, zinabaki 23 ambazo huna jina la kuziandikia. Hilo ndilo pengo.

Fanya hivyohivyo kwa Dallas. Warefu walikuwa nao: Davis, Daniel Gafford, Dereck Lively. Lakini kwenye kupandisha mpira na kutengeneza nafasi, Doncic alipotoka, mzigo ulimwangukia Kyrie Irving. Kazi inayomtegemea mtu mmoja izungushie duara jekundu, hata kama mtu huyo ni bora kiasi gani. Machi 3 Irving alichanika kano ya goti. Dallas walimaliza na ushindi 39, vipigo 43, na Memphis wakawatoa kabla ya mtoano.

Hatua ya 3: Tazama video, uache kuufuata mpira

Vipande vifupi vinaonyesha vikapu tu, ulinzi huuoni. Kama bando ni dogo, bora robo moja nzima kuliko vipande kumi vya mechi tofauti. Simamisha video pale mshambuliaji anapompita mlinzi wake wa kwanza. Nani yuko karibu na ringi? Ameshafika au ndiyo kwanza anageuka? Achia video, simamisha tena mpira unapotupwa, uangalie nani amemwekea mwili mpinzani na nani amebaki anatazama juu. Vijana wangu nawagawia: mmoja na daftari lake anamfuata senta peke yake.

Hatua ya 4: Angalia kama pengo linazibika

Lakers wenyewe waliliona. Walikubaliana na Charlotte Hornets wamchukue senta Mark Williams, ila hakupita vipimo vya afya na dili likafutwa, wakati dirisha la kubadilishana lilishafungwa Februari 6. Wakabaki kuokota waliokuwa huru, akiwemo Alex Len. Basi usimwandikie dakika mchezaji ambaye hajapita vipimo.

Hatua ya 5: Mpambanishe na mpinzani maalumu

Lakers walishinda mechi 50, wakawa wa tatu kwenye kundi la Magharibi la NBA. Rekodi hiyo iliwatuliza mashabiki wengi. Kisha kwenye mtoano wakakutana na Minnesota Timberwolves. Mechi ya nne, kocha JJ Redick alitumia watu walewale watano kipindi chote cha pili, hakuna senta hata mmoja. Mechi ya tano Minnesota walipiga pointi tatu 47, zikaingia 7 tu, na bado wakashinda 103-96, kwa sababu Rudy Gobert alifunga pointi 27 na kuchukua ribaundi 24. Lakers wakatolewa kwa mechi 4-1. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2: zile dakika 23 ndizo hizo.

Kwa timu ya mtaani, karatasi ni ileile. Kijana mrefu akihamia Dar kimasomo katikati ya msimu, gawa upya dakika 200 kabla ya mazoezi yanayofuata, na kazi yoyote yenye jina moja tu ndiyo ya kufanyia mazoezi wiki hiyo.