Kumsaidia mzee kupiga kura Kenya: usichanganye Fomu 32 na 32A

Agosti 2022 nilimpeleka nyanya kituoni. Hajui kusoma, na jicho moja lina ukungu. Asubuhi mapema, saa kumi na mbili milango ikifunguliwa, tulikuwa hapo.

1. Beba kitambulisho alichojiandikishia. Basi.

2. Msikae kwenye foleni. Wazee na walemavu hutangulizwa. Mwambie askari wa mlangoni.

3. Vidole. Hapa tulipoteza karibu saa mbili. Nyanya amelima na kusugua sufuria kwa majivu maisha yake yote, vidole vimekuwa laini kama sabuni. Mashine ya KIEMS, ile inayomtambua mpiga kura kwa alama za vidole, ilikataa gumba, ikakataa cha shahada. Vipanguse kwa kitambaa kikavu, mjaribu na vingine. Ikigoma kabisa, karani huingiza namba ya kitambulisho, kisha Fomu 32A hujazwa mbele ya mawakala wa vyama na wagombea. Karani wetu alitaka kuturudisha nyumbani. Nikakaa pale pale mpaka msimamizi wa kituo akaja.

Sasa sikiza: 32A ni ya vidole. Ya msaidizi ni Fomu 32, bila A. Tulijaza ya kwanza tukadhani tumemaliza, tukasimamishwa hatua mbili kutoka kibandani. Mzee mmoja anaweza kuhitaji zote mbili.

4. Msaidizi. Mpiga kura humchagua mwenyewe. Awe ametimiza miaka 18, asiwe mgombea wala wakala. Na asaidie mtu mmoja tu! Mimi nilikuwa nimekuja pia na rafiki yake nyanya, mama jirani. Nilipomshika mkono, msimamizi akatikisa kichwa, na sheria ilikuwa upande wake. Ikabidi msimamizi mwenyewe amsaidie, mawakala wakitazama. Inaruhusiwa, lakini mama alinuna njia nzima: "Siri gani hiyo, na chumba kizima kimesikia?" Kila mzee aje na mtu wake.

5. Kibandani. Karatasi ni sita. Mtajie majina kwa sauti ya chini, umwonyeshe picha na alama ya chama, umwachie kalamu kama mkono unaweza. Usimshauri. Nyanya aliniuliza, "Wewe ungempa nani?" Nikamwambia nimesahau.

6. Masanduku. Fuata rangi ya kifuniko: nyeupe ya rais, buluu ya gavana. Nyanya alitaka kuzitia zote sita kwa rais.