Kibao na mpira wa lastiki: kuutengeneza na kuupiga

Mchezo huu ni wa mtu mmoja: kibao mkononi, mpira mdogo umefungwa kwa lastiki katikati ya kibao. Unaupiga, unarudi, unaupiga tena. Wengi wanaoshindwa mwanzoni wameshindwa na lastiki, si mkono.

Hatua ya 1: kibao. Plaiwudi ya milimita 6 inatosha, hata mabaki ya seremala. Uso uwe na upana wa sentimita 13 na urefu wa 15, mpini sentimita 10. Piga msasa kingo, kisha toboa tundu dogo kwa kekee katikati ya uso.

Hatua ya 2: lastiki. Tafuta ile nyembamba ya mviringo kwenye maduka ya vifaa vya ushoni, Darajani mjini Unguja au Chake Chake huko Pemba. Ile bapa ya kiunoni hujisokota na kuupotosha mpira. Kata dhiraa moja, kama sentimita 45, na ziada ya mafundo. Ipitishe tunduni, funga fundo kubwa nyuma. Usiibane kwa msumari: kwa hewa yetu ya chumvi utashika kutu na kuikata lastiki.

Hatua ya 3: mpira. Wa raba, kipenyo sentimita 3 hivi. Wa tenisi ni mzito mno. Utoboe kwa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, pitisha lastiki, funga mafundo mawili. Sasa uvute kwa nguvu. Fundo la kufyatuka lifyatuke hapa, si mchezoni mbele ya jicho la mtu.

Hatua ya 4: kudunda. Kibao kilale kama sinia usawa wa kitovu. Dunda mpira juu, shibiri moja tu, lastiki isivutike. Ukifikisha 20 mfululizo, endelea.

Hatua ya 5: kupiga. Shusha kidogo ncha ya mbele ya kibao ili uso uangalie juu na mbele, kisha piga. Mpira utapaa, lastiki itavutika na kuurudisha. Usiufuate! Mkono ubaki palepale, kiwiko karibu na ubavu. Kiganja kisogee kama upana wa vidole vinne, basi.

Kosa kubwa ni nguvu. Lastiki inayovutwa sana huurudisha mpira kwa kasi, ukafika kabla hujajiweka sawa. Mpira ukikupiga usoni, kibao kimeinamia kwako. Ukirudi chini ya kibao, unapiga mbele mno. Elekeza juu zaidi. Ukienda pembeni, mpini umezunguka mkononi. Ukipaa na kuanguka bila kuvutwa, lastiki ni ndefu: ipunguze vidole viwili, ujaribu tena.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, bustani ya Forodhani kando ya bahari si pahala pa kujifunzia, maana mpira mwepesi huchukuliwa na upepo. Ua wenye ukuta au kichochoro cha Mji Mkongwe ni bora, ila kaa mbali na baraza ya wazee wa bao.

Ukimaliza, kiweke kibao kivulini. Jua huikausha lastiki. Ikianza kuonyesha nyufa au kurudi kwa uvivu, badilisha yote, usiiunge.