Namna ya kuunda sauti ya ilimba ya Kigogo kwenye sintesaiza ya FM, kuanzia DX7 hadi Dexed

Mbukwenyi! Mwongozo huu ni kwa wenzangu wapenda sintesaiza wa Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na kwingineko, wale wenye kinanda cha kanisani, kompyuta mpakato iliyochoka au sintesaiza kuukuu ya Yamaha DX7 iliyokuja na kontena. Tutaunda sauti ya ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba juu ya sanduku, tangu mwanzo kabisa. Hatutarekodi ilimba na kuibandika kwenye vitufe. Tutaijenga kwa mawimbi, opereta (kitoa wimbi ndani ya sintesaiza) moja baada ya nyingine, ili ukimaliza uwe na sauti inayomjibu mpigaji: akigonga taratibu ni laini, akigonga kwa nguvu inavuma na kukwaruza.

Ninashikilia jambo moja katika haya yote, nalo ni kwamba mzani wa noti unatangulia rangi ya sauti. Nimesikia sauti nyingi za "marimba ya Kiafrika" ndani ya vinanda vya kisasa, zenye mlio mzuri kweli, lakini zimepangwa kwa noti za piano. Mtu aliyekulia Chamwino akizisikia anajua mara moja kwamba si kwao. Ndiyo maana utakuta hatua ya mzani imekuja mapema na imechukua nafasi kubwa.

Vifaa, na kwa nini FM

Sintesaiza za mkondo wa Minimoog ya 1970 huanza na wimbi lenye mambo mengi, kisha chujio linapunguza. Ni njia tamu sana kwa besi na filimbi. Chuma kilichobanwa upande mmoja na kugongwa upande wa pili kina tabia nyingine. Sauti zake za juu hazipangiki mara mbili, mara tatu, mara nne ya sauti ya msingi kama kwenye uzi. Kwa hesabu za fizikia, chuma cha namna hiyo chenye unene ulio sawa hutoa sauti ya pili kwenye mara 6.27 ya ile ya msingi, na ya tatu kwenye mara 17.55. Chuma cha ilimba kimepondwa na kinakaa juu ya daraja, hivyo namba zake husogea kidogo, ila tabia inabaki ileile. Uwiano usio kamili kama huo ndio FM, yaani njia ya wimbi moja kulitikisa jingine, inauweza kuliko njia nyingine.

FM ya muziki ilibuniwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967. Yamaha wakanunua haki ya kuitumia, na mwaka 1983 wakatoa DX7: vitufe 61, sauti 16 kwa wakati mmoja, opereta sita, na mipangilio 32 ya kuziunganisha opereta hizo, inayoitwa algoriti.

Kama huna DX7, usihangaike kuitafuta. Dexed ni programu ya bure inayoiga DX7 opereta kwa opereta, inakubali Windows, Mac na Linux, na kwa kazi hii naipendelea kuliko mashine yenyewe kwa sababu utakayoiona kwenye mzani. Mwenye Yamaha reface DX ya 2015 ana opereta nne tu, basi atajenga jozi mbili badala ya tatu. Mwenye Korg volca fm anaweza kupokea sauti tutakayoihifadhi mwishoni kama ilivyo.

Kwa mwenye DX7 halisi, neno moja kabla hujachomeka waya. Geuza mashine usome kibandiko cha umeme nyuma. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka volti 100, za Marekani 120, na soketi zetu zina 230. Ukichomeka moja kwa moja unaunguza sehemu ya umeme pale pale. Tafuta transfoma ya kushusha umeme inayolingana na mashine yako, na usiishie kubadili plagi tu ukadhani umemaliza.

Hatua ya 1: Sikiliza ilimba ya kweli, na iangalie

Ukiweza, nenda kwa mpigaji. Mtafute mzee anayejua, msalimie vizuri, keti, umuombe apige polepole chuma kimoja kimoja. Tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino ni nafasi nzuri kwa asiye na ndugu mpigaji. Ikishindikana kabisa, sikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa huku kwetu Dodoma aliyefariki mwaka 2003, ambaye aliifikisha ilimba kwenye majukwaa ya dunia.

Tazama vitu viwili kwa karibu. Kwanza ukucha wa kidole gumba: unasukuma ncha ya chuma chini kisha unateleza na kuiachia, na pale unapoachia kuna mguso mfupi mkavu kabla ya noti yenyewe. Pili, angalia tundu kwenye sanduku. Limezibwa kwa utando mwembamba mweupe uliotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui, umetandazwa kama karatasi na kubandikwa pembeni. Chuma kikipigwa kwa nguvu, hewa ndani ya sanduku inausukuma ule utando nao unavuma: zzz. Kikipigwa taratibu, utando unanyamaza.

Kwa hiyo sauti tunayoitafuta ina sehemu tatu: noti ya chuma, mguso wa ukucha pamoja na mlio wa juu wa chuma, na mvumo wa utando. Jozi tatu za opereta.

Hatua ya 2: Panga mzani

Mzani wa Kigogo umejengwa juu ya sauti za asili zinazozaana kutoka sauti moja ya msingi, hasa ya mara nne hadi ya mara tisa. Ukiziandika kuanzia C unapata C, E, G, B bemoli, C ya juu na D. Zikusanye ndani ya oktavu moja, zinakuwa noti tano: C, D, E, G, B bemoli. Majina ni ya piano, kimo cha sauti sio. Nusu toni ya piano ina senti 100. E ya piano iko senti 400 juu ya C, ya asili iko 386. B bemoli ya piano iko 1000, ya asili iko 969, yaani chini kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Sikio lolote linalisikia hilo. D na G hutofautiana kidogo mno, senti nne na senti mbili tu.

Kwenye Dexed, fungua programu ya kawaida ya kuandika maandishi, andika hivi, kisha uhifadhi kwa jina ilimba.scl:

! ilimba.scl
!
Mzani wa ilimba kwenye C
12
!
100.0
9/8
300.0
5/4
500.0
600.0
3/2
800.0
900.0
7/4
1100.0
2/1

Mistari yenye mkwaju (/) ni D, E, G, B bemoli na oktavu; C ya kuanzia haiandikwi. Iliyobaki nimeiacha kama piano ili vidole visipotee, ila usizipige. Angalia nukta kwenye senti: ukiandika 100 bila nukta, programu italisoma kama uwiano na mzani wote utaharibika. Sasa lipakie faili hilo kupitia sehemu ya mzani ndani ya mipangilio ya Dexed.

Jipime kabla hujaendelea. Bonyeza C, E, G na B bemoli kwa pamoja kwa sauti yoyote laini na uzishikilie. Kwa mzani wa piano utasikia zinapigapiga, zinayumba. Kwa mzani huu zinasimama tuli, kana kwamba ni sauti moja nene. Usipousikia utulivu huo, faili halijapakiwa.

DX7 ya kwanza haina uwezo wa kubadili mzani. DX7 II ya 1987 inao. Ndiyo sababu yangu ya kuipendelea Dexed hapa. Mwenye DX7 ya kwanza aiunde sauti kwenye mashine yake, kisha aihamishie Dexed wakati wa kurekodi.

Halafu kuna kwaya. Mwalimu wa kwaya atakuambia, "Kijana, tunaimba kwenye F." Usihamishe vidole kwenda F, kwa maana uwiano wote utavurugika. Tengeneza faili la pili la .kbm linaloanzisha mzani kwenye F, au piga kwenye C na kuinua sauti ndani ya programu ya kurekodia.

Hatua ya 3: Jozi ya kwanza, chuma

Anza na sauti tupu: kwenye Dexed bonyeza INIT. Chagua algoriti ya 5. Humo opereta 2 inaitikisa 1, ya 4 inaitikisa 3, ya 6 inaitikisa 5. Unachosikia ni 1, 3 na 5. Zile za shufwa zinabadili rangi tu. Kila opereta ina kasi nne na viwango vinne vya kupanda na kushuka kwa sauti, vyote kuanzia 0 hadi 99.

Opereta 1: uwiano 1.00, nguvu 99, kasi 99, 60, 38, 38, viwango 99, 85, 0, 0. Maana yake noti inaanza ghafla, inashuka kidogo haraka, kisha inafifia kwa takriban sekunde tatu. Kasi ya nne nimeilinganisha na ya tatu makusudi: ukiachia kitufe chuma kiendelee kulia, kwani mpigaji wa ilimba haoni haja ya kukizima.

Opereta 2: uwiano 1.00, nguvu 58, kasi 99, 65, 45, 45, viwango 99, 70, 0, 0. Hii inatia joto la sanduku.

Kwenye opereta zote mbili weka kasi ifuate vitufe kwa kiwango cha 2 au 3, ili noti za juu zife mapema kuliko za chini. Vyuma vifupi havilii muda mrefu.

Hatua ya 4: Jozi ya pili, ukucha

Opereta 3: tunataka 6.27. Kitufe cha FINE huongeza asilimia juu ya COARSE, hivyo COARSE 5 na FINE 25 inatoa 6.25, karibu ya kutosha. Nguvu 74, kasi 99, 62, 62, 62, viwango 99, 0, 0, 0. Opereta 4: uwiano 11.00, nguvu 70, kasi 99, 80, 80, 80, viwango 99, 0, 0, 0.

Zima opereta nyingine usikilize jozi hii pekee. Utasikia "tik" fupi yenye mlio wa chuma. Ikikukera, punguza opereta 3 hadi 68. Usiiondoe kabisa, la sivyo utabaki na sauti ya kinanda cha umeme.

Hatua ya 5: Jozi ya tatu, utando wa buibui

Hapa ndipo nakuomba utulie na kutumia muda, kwa sababu mvumo ndio unaomfanya msikilizaji ageuze kichwa.

Opereta 5: uwiano 1.00, DETUNE +4, nguvu 78, kasi 78, 55, 48, 48, viwango 99, 75, 0, 0. Kasi ya kwanza ni 78 badala ya 99 kwa kuwa utando huchelewa kidogo kuamka baada ya chuma kugongwa.

Opereta 6: uwiano 1.00, nguvu 86, kasi 85, 52, 50, 50, viwango 99, 60, 0, 0. Weka FEEDBACK 7, kiwango cha mwisho. Katika algoriti ya 5 opereta 6 ndiyo inayojirudishia sauti yake yenyewe, na ikijirudishia hadi 7 wimbi lake linakwaruza.

Sasa sehemu muhimu: mwitikio wa nguvu ya kidole. Opereta 6 ipe 5, opereta 5 ipe 4, opereta 1 ipe 2. Piga C taratibu, kisha piga kwa nguvu. Ya kwanza iwe karibu safi, ya pili ivume. Mvumo ukisikika kila mara, shusha nguvu ya opereta 6 mbilimbili hadi unyamaze kwenye mguso mwepesi. Ukisikika kama gitaa la umeme, tatizo ni opereta 5 kuzidi. Ishushe hadi 72. Kila kinanda kina vitufe vyenye uzito wake, kwa hiyo namba zangu ni za kuanzia tu, sikio lako ndilo la kuamua.

Hatua ya 6: Vyuma visivyogongwa

Ilimba kubwa zina vyuma ambavyo mpigaji havigusi. Hulia vyenyewe vikiitikia jirani. Mwitikio huo tutauiga kwa mwangwi. DX7 haina athari za mwangwi ndani yake, basi ongeza mwangwi mfupi wa chumba kidogo nje, kwa kiasi kidogo. Mwangwi wa kanisa kubwa unaumeza mvumo wote.

Kwenye kompyuta, weka bafa ya sauti (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa) kuwa sampuli 256 au pungufu. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 5.8, na kidole hakitahisi kuchelewa. Ikianza kukatika-katika, funga kivinjari kwanza kabla hujapandisha bafa.

Hatua ya 7: Hifadhi

Kwenye Dexed hifadhi sauti ndani ya benki ya faili la .syx, faili la kubebea sauti za DX7. Benki nzima ya sauti 32 ina baiti 4,104 tu, unaweza kumtumia mwenzako wa Singida kwa WhatsApp hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Faili la .scl mtumie pamoja nalo, kwa maana .syx haibebi mzani.

Kwenye DX7 halisi zima kwanza kinga ya kumbukumbu, ndipo uhifadhi. Kumbukumbu hiyo inashikiliwa na betri ya CR2032, ambayo mara nyingi imechomelewa kwenye ubao. Ikichoka, sauti zote zinapotea, na fundi akiibadilisha zinapotea pia. Kabla ya kumpelekea fundi, tuma benki yote kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI, ule wa kuunganisha vinanda na kompyuta. Akimaliza, irudishe kwa waya huohuo. Kiangazi hiki cha vumbi ufunike kinanda kwa kitambaa cha pamba kila ukimaliza kupiga, maana nailoni huvuta vumbi.